Risala ya Wagonjwa wa Saratani na Wanaouguza wa Kanda ya Ziwa Kuhusu Tiba ya Kinga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Kanda ya Ziwa,
Madaktari, wauguzi na wataalamu wetu wa maabara,
Viongozi wetu wa dini,
Ndugu wagonjwa na ndugu mnaouguza,

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kufika Mwanza katika Siku ya Saratani Duniani na kuketi nasi. Tunaishukuru Serikali kwa Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Mgonjwa wa Sengerema au wa Geita hakeshi tena ng'ambo akisubiri kivuko. Tunawashukuru wahudumu wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, ambayo tangu 1971 imekuwa kimbilio letu, na ambako leo mgonjwa wa saratani anapata mionzi bila kulazimika kupanda basi hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Sisi tunaotoa risala hii ni wagonjwa wa saratani, watu tuliopona saratani, na wazazi, wake, waume na watoto tunaouguza. Wengine ni wavuvi na wachuuzi wa dagaa, wengine wakulima wa pamba na mpunga, wengine walimu, wengine wachimbaji. Tumetoka Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Shinyanga na Simiyu, mikoa ambayo kwa Sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 16.

Tumekuja na hoja moja. Elimu ya kuitumia kinga ya mwili kupambana na saratani imejengwa, kwa sehemu isiyo ndogo, kwa damu, uvimbe na mikono ya watoto wa ukanda huu wa ziwa. Dawa zilizotokana na elimu hiyo zipo duniani na zinaponya watu. Hazijatufikia inavyostahili. Tunadai zitufikie, kwa utaratibu na bila kudanganyana, tukianzia na zile ambazo zinawezekana sasa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kwa faida ya wenzetu ambao hawajawahi kuelezwa, tunaomba tuseme kwanza tiba hii ni nini. Tiba tulizozizoea ni tatu: kisu, mionzi na dripu za kemikali. Zote zinaushambulia uvimbe wenyewe. Tiba ya kinga inapitia njia nyingine: inaziwezesha seli nyeupe za mgonjwa mwenyewe zifanye kazi hiyo. Miongoni mwa seli hizo zipo zinazoitwa seli T, ambazo huzunguka mwilini na kukagua seli nyingine zote. Watu wa Usukumani watatuelewa upesi tukisema ni sungusungu wa mwili. Zikikuta seli iliyoambukizwa au iliyoharibika, zinaiua. Lakini sungusungu wasio na wa kuwadhibiti hugeuka hatari kwa kijiji chao, na mwili unalijua hilo. Kwa hiyo kila seli T imewekewa vipokezi vya kuituliza. Kimoja kinaitwa CTLA-4, kingine PD-1. Vikiguswa, seli T inaacha kazi. Saratani nyingi zimepata ujanja wa kukigusa kipokezi cha PD-1, na seli T iliyofika kwa adui inajikuta imetulizwa na adui yuleyule.

James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba vipokezi hivyo vinaweza kuzibwa. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Pembrolizumab na nivolumab zikafuata 2014. Dawa hizi haziui saratani kwa nguvu zake. Zinaziba kipokezi, na seli T inarudi kazini.

Njia ya pili ni kingamwili za kiwandani zinazojibandika juu ya seli ya saratani na kuiwekea alama ili kinga ya mwili iione na kuimaliza. Rituximab, iliyoanza kutumika 1997, inafanya hivyo kwa saratani za tezi zinazotokana na seli B, aina nyingine ya seli nyeupe. Njia ya tatu ni kuifundisha kinga mapema, kabla ugonjwa haujaja, na hiyo ndiyo chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, wanayochomwa mabinti zetu shuleni. Ipo na ya nne, ya kuchukua seli T za mgonjwa, kuzibadilisha maabara na kumrudishia. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani 2017 kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Hiyo hatujaja kuiomba leo.

Sasa tunaomba tuseme kwa nini tunayahesabu haya kuwa yetu.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa unawaua watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona ndani yake kirusi kipya. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Hakikupatikana kwa watoto wa London. Kilipatikana katika nyama ya watoto wa kwetu.

Likatokea jambo lililowashangaza madaktari. Baadhi ya watoto waliopewa dawa kidogo tu, pengine dozi moja, walipona kabisa na wakabaki wamepona. Dawa ile peke yake haikutosha kueleza matokeo hayo. Swali likaulizwa: je, mwili wa mtoto nao unapigana? Peter Clifford akawa anapeleka sampuli za wagonjwa kutoka Nairobi hadi Stockholm, kwa George Klein, na huko zikaonekana dalili kwamba kinga ya watoto hao ilikuwa inaitambua saratani yao. Kampala nako, katika taasisi ya saratani iliyofunguliwa 1967, John Ziegler na wenzake walijaribu kuiamsha kinga ya watoto hao kwa BCG, chanjo hiihii ya kifua kikuu inayoacha kovu begani. Mwaka 1976 walitangaza kwamba haikuwasaidia. Mwaka huohuo, nchini Kanada, Alvaro Morales akachapisha matokeo mazuri ya BCG iliyowekwa ndani ya kibofu cha wagonjwa tisa wenye saratani ya kibofu, na hadi leo ni tiba inayotegemewa duniani kote. Jibu la Kampala la "hapana" lilikuwa na thamani yake. Sayansi inakwenda kwa majibu yote mawili, na la "hapana" walilibeba watoto wa ziwa hili.

Upande wetu wa mpaka, wazee wa Tarime na Rorya watakumbuka. Kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa vidonge vya klorokwini katika utafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, na Daktari Glen Brubaker wa Hospitali ya Shirati alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Ulikuwa unauliza ikiwa malaria ikipungua, saratani ya Burkitt nayo itapungua. Matokeo hayakutoa jibu la kukata mzizi wa fitina, kwa kuwa malaria ilianza kuizoea dawa. Familia zilishiriki. Watoto walimeza vidonge vile vichungu.

La karibuni zaidi ni la hapahapa Mwanza. Kuanzia 2017, wasichana 930 wa mkoa huu, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, waliingizwa katika utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV. Walitolewa damu, wakafuatiliwa, na ikaonekana kwamba dozi moja inajenga kingamwili zinazodumu. Matokeo yao yalikuwa sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kukubali ratiba ya dozi moja. Aprili 2024 Tanzania nayo ikahamia dozi moja. Binti yeyote duniani anayechomwa sindano moja badala ya tatu ana deni kwa mabinti wa Mwanza. Tunalisema hili kwa fahari, na tungependa lisemwe mashuleni pia.

Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani linataka wanaofanyiwa utafiti wafikiriwe katika matunda ya utafiti huo. Dai letu linasimama hapo. Hatuombi msaada.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Malalamiko yetu tunayaanza na watoto.

Mmoja wetu ni mama wa kisiwani Ukerewe. Mwanawe wa miaka saba alianza kwa jino kulegea. Jino la utoto, wakadhani, likang'olewa. Baada ya muda mfupi taya likavimba upande mmoja mpaka jicho likasogea. Kinyama cha uvimbe kilikatwa kikapimwa, ugonjwa ukatajwa, dripu za kawaida zikapatikana bila malipo. Kisha akaambiwa kuna dawa nyingine ya kuongezea, rituximab, ila hiyo hospitali haina, atafute mwenyewe. Ukoo ukauza ng'ombe na hisa yao katika injini ya mtumbwi. Chupa moja ikanunuliwa Dar es Salaam, ikawekwa kwenye deli dogo lenye barafu, ikakabidhiwa kwa utingo wa basi la usiku. Basi likaharibika njiani. Lilipoingia stendi ya Nyegezi, barafu ilikuwa imekuwa maji na maji yenyewe yana uvuguvugu. Dawa hii inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Muuguzi aliishika chupa, akaigeuza kwenye mwanga, akamwambia mama kwa upole kwamba hawezi kumwekea mtoto. Alifanya sawasawa. Hakuna aliyekosea katika safari ile, na bado ng'ombe na injini vilikwenda na maji.

Huu ni utaratibu gani, Mheshimiwa, wa kumfanya mama mvuvi kuwa bohari ya dawa ya Taifa?

Rituximab si dawa ya kifahari. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. India imekuwa ikitengeneza nakala yake tangu 2007. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa 2020 ulionyesha kuwa kwa watoto wenye saratani za aina hii zilizosambaa, kuongeza rituximab juu ya dripu kuliinua idadi ya walioishi miaka mitatu bila ugonjwa kurudi kutoka asilimia 82 hadi 94. Tunajua watoto wale walitibiwa kwenye nchi zenye damu ya kutosha, antibiotiki za kutosha na vyumba vya uangalizi, na kwamba chupa peke yake haitatupatia 94 hapa. Tunajua pia kwamba dawa hii inaweza kuamsha homa ya ini aina ya B iliyolala, kwa hiyo kila mtoto apimwe kwanza. Tunadai vyote pamoja: Bohari ya Dawa iinunue rituximab kwa jumla, iisafirishe kwa gari lenye ubaridi hadi Mwanza, na mtoto yeyote mwenye saratani ya seli B aipate bila mzazi kuuza chochote.

Lakini kabla ya chupa yoyote kuna kinyama. Hapa ndipo tunapoumia zaidi, na tunaomba hapa pasipitwe haraka. Tiba ya kinga haitolewi kwa kukisia. Kabla ya rituximab lazima ijulikane kama seli ina alama ya CD20. Kabla ya pembrolizumab, kwa saratani nyingi, lazima uvimbe upimwe kiasi cha PD-L1, ambacho saratani hukitumia kuigusa PD-1, au ipimwe kasoro ya seli kushindwa kurekebisha vinasaba vyake. Vipimo hivi vinahitaji rangi maalumu, mashine inayofanya kazi, umeme usiokatika na mwanapatholojia mwenye muda. Wapo kati yetu waliokatwa kinyama kikawekwa kwenye kichupa, wakaambiwa wakipeleke wenyewe mjini kwa pikipiki. Waliosubiri majibu wiki baada ya wiki mpaka uvimbe ukapasuka. Na walioambiwa kinyama kimeharibika kwa sababu kilihifadhiwa kwenye dawa isiyofaa, warudi wakatwe tena. Mgonjwa anayepata jina la ugonjwa wake akiwa hawezi tena kusimama hawezi kusaidiwa na dawa ya dola milioni.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, dai letu la kwanza kwa uzito ni maabara. Tunataka maabara ya patholojia ya rufaa hapa Mwanza iwezeshwe kufanya vipimo hivi vyote, vinyama kutoka hospitali za wilaya visafirishwe na Serikali kwa ratiba inayojulikana, na majibu yatoke ndani ya siku 14. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba kiko kilimani hapo Bugando. Wataalamu wa kufundishwa wapo.

Upande wa akina mama, saratani ya mlango wa kizazi inawapata zaidi ya wanawake 10,000 wa Tanzania kila mwaka. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi ya kuipata. Mwaka 2021 ilithibitika kwamba kwa wenye saratani iliyorudi au kusambaa, pembrolizumab pamoja na dripu inarefusha maisha, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likaiingiza dawa hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ugonjwa huo. Bei yake Marekani inapita dola 11,000 kwa dozi moja ya wiki tatu, karibu shilingi milioni 28 kwa fedha yetu. Tunasema wazi kwamba kwa bei hiyo hatuidai. Fedha hiyo ikipatikana leo, iende kwanza kwenye chanjo, uchunguzi wa mapema na mashine za mionzi. Huko itaokoa wengi zaidi.

Ila bei si amri ya Mungu. Haki kuu za umiliki wa pembrolizumab zinamalizika Marekani mwaka 2028, na viwanda kadhaa tayari vinaandaa nakala. Zaidi ya hapo, Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi za daraja la Tanzania msamaha wa kutolazimika kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Tunaiomba Serikali iutumie msamaha huo badala ya kuuacha ulale kwenye makabrasha. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ubora ya Shirika la Afya Duniani, ijiandae mapema kuzikagua nakala hizo. Bohari ya Dawa, ambayo imekabidhiwa jukumu la ununuzi wa pamoja kwa nchi za SADC, ikae mezani na wenzake na kununua kwa wingi wa nchi zote.

Na kuna njia nyingine ambayo inatupa matumaini kuliko zote. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai iliona kwamba wagonjwa wake wa saratani za kichwa na shingo hawawezi kumudu nivolumab. Ikajaribu miligramu 20 kila wiki tatu, wakati dozi iliyozoeleka ni miligramu 240 kila wiki mbili. Matokeo ya 2022 yalionyesha kwamba waliofikisha mwaka mmoja wakiwa hai waliongezeka kutoka asilimia 16 hadi 43. Wahindi hawakusubiri kampuni iwafanyie utafiti huo, kwa sababu hakuna kampuni inayotafuta namna ya kuuza dawa yake kidogo zaidi. Tunadai utafiti wa namna hiyo ufanyike Mwanza, mji ambao umethibitisha kwa wasichana 930 kwamba unaweza kuuliza swali la dozi na kupata jibu ambalo dunia imelikubali. Wagonjwa wanaoishi na VVU wasifungiwe nje. Majaribio mengi ya mwanzo yaliwafungia, ilhali tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba wakiwa kwenye ARV wengi wanazivumilia dawa hizi. Wapimwe pia kifua kikuu, kwa sababu kinga ikifunguliwa ghafla kifua kikuu kilicholala kinaweza kulipuka. Na iandikwe tangu ukurasa wa kwanza wa makubaliano kwamba utafiti ukiisha, dawa haiishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunao wenzetu wenye ualbino, wengi wao kutoka Ukerewe na vijiji vya kandokando ya ziwa. Dunia imesikia habari zao kwa sababu ya mapanga ya wauaji. Haijasikia vya kutosha kwamba jua linawaua wengi zaidi. Saratani ya ngozi inaanza kwenye sikio, mdomo au shingo, kidonda kidogo kisichopona, na kijana wa miaka thelathini anakuja hospitali uso ukiwa umeliwa. Saratani hiyohiyo ya ngozi, ikiwa imeshakuwa kubwa kiasi cha kutofaa kukatwa, ni kati ya zinazoitikia vizuri sana dawa za kuziba PD-1. Utafiti wa cemiplimab uliochapishwa 2018 ulionyesha uvimbe kupungua kwa karibu nusu ya wagonjwa ambao saratani ilikuwa imesambaa. Wagonjwa wale wengi walikuwa wazee, si vijana wenye ualbino wanaovua dagaa na kulima juani. Kama kuna watu duniani ambao dawa hii inapaswa kujaribiwa kwao kwa haki na kwa uangalifu, ni hawa. Wakati tunasubiri, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi yafike kila zahanati ya ukanda huu bila kukatika, na kofia pana ziwe sehemu ya sare kwa mtoto mwenye ualbino.

Kuhusu saratani ya kibofu tunasema machache. Uchunguzi uliofanywa Bugando kwa wagonjwa 185 ulikuta mayai ya kichocho kwa karibu nusu yao, na aina kubwa ya saratani yao haikuwa ile ambayo BCG ya kibofuni imethibitika kuitibu. BCG inawafaa wachache wanaofika mapema na wenye aina inayostahili, na hao wasiikose. Kwa walio wengi, dawa ni kidonge cha praziquantel cha kutibu kichocho, maji safi na vyoo, miaka ishirini kabla ya mkojo kuwa na damu. Mtoto anayeogelea kwenye bwawa na majaruba ya mpunga leo ndiye mgonjwa wa kibofu wa kesho kutwa.

Liko na suala la kurudi nyumbani. Tiba ya kinga ina hatari zake, na hazifanani na za dripu. Nywele hazinyonyoki, lakini kinga iliyofunguliwa inaweza kuushambulia utumbo, mapafu, ini, tezi ya shingo au kongosho la mgonjwa mwenyewe, wiki au hata miezi baada ya sindano. Wakati huo mgonjwa yuko kisiwani Kome au Ukara. Anaharisha mara nane kwa siku, anakwenda zahanati, anapewa dawa ya amiba. Siku ya nne hajiwezi. Alihitaji steroidi mapema na simu moja kwa daktari wake. Tunadai kila mgonjwa atakayepewa dawa hizi apewe kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye jina la dawa, dalili za hatari na namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana, na matabibu wa zahanati zetu wafundishwe kuisoma kadi hiyo kabla ya sindano ya kwanza kutolewa.

Tunalalamikia pia wanaofanya biashara kwa jina la kinga. Kwenye magulio, kwenye vituo vya mabasi na kwenye simu zetu zinauzwa chupa na unga wa "kuongeza kinga" na "kuyeyusha uvimbe". Mgonjwa anaambiwa aache dripu kwa sababu zinashusha kinga. Wapo tuliowazika walioacha dripu za saratani inayopona ili wanywe unga wa laki mbili. Tunamheshimu mganga wa tiba asili anayejua mipaka yake na anayetutuma hospitali. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala na Mamlaka ya Dawa wawashughulikie hao wengine kwa sheria zilizopo.

Mwisho, bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na tuliipokea kwa furaha. Tunaomba kitita chake kisiishie kwenye kitanda na panadoli. Kigharimie vipimo vya patholojia vinavyoamua tiba, kigharimie rituximab kwa watoto na watu wazima wanaostahili, na kiwe na kamati ya wataalamu, pamoja na wagonjwa wawili, itakayokaa kila mwaka kuamua ni dawa ipi ya kinga imeshuka bei kiasi cha kuingizwa. Sababu za kukataa au kukubali zitangazwe hadharani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunajua kwamba hata mahali penye kila kitu dawa hizi zinawasaidia baadhi tu, na kwa saratani nyingi wasiosaidika ni wengi kuliko wanaosaidika. Madaktari wetu wametuambia ukweli huo na tunawashukuru. Hatukuja kudai uponyaji, kwa sababu hakuna waziri anayeweza kuutoa. Tunadai majibu ya kinyama kwa wakati, chupa iliyofika ikiwa baridi, utafiti unaotujumuisha, na nafasi sawa ya kujaribu.

Tunaomba Wizara itujibu kwa maandishi ndani ya siku 90, ikionyesha lipi limekubaliwa, nani atalisimamia na kwa bajeti ya mwaka gani. Na kwa lililokataliwa, sababu yake. Nakala za risala hii tumewapa wabunge wetu wote waliopo hapa, na tunawaomba waiingize katika mjadala wa bajeti ya Wizara ya Afya.

Tunaomba kuwasilisha.